Jodari wa friza amemwasha mke wangu mdomo na uso: kosa liko wapi?

KasiaMbili

Wakuu, habari za leo. Nina jambo linaninyima raha, naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Wiki sita zilizopita nilinunua samaki wengi kwa mkupuo: jodari aliyekatwa vipande vinene, vibua wazima kama kilo nne, na minofu ya samaki mweupe. Ilikuwa asubuhi. Nikawapakia kwenye buti la gari, nikapitia shughuli zangu, nikafika nyumbani jua limeshapinda. Nikawaosha, nikawatia kwenye mifuko ya kawaida ya plastiki, nikawarundika wote friza siku hiyohiyo. Niliona nimefanya la maana, maana samaki walikuwa bado wanang'aa na hawana shombo la ajabu.

Minofu tumeanza kuila baada ya wiki mbili. Ikiyeyuka inaacha dimbwi la maji kwenye sahani, na ukiipika inakuwa kama sponji iliyokauka. Vibua wameota rangi ya njano pembeni mwa tumbo na wana harufu ya mafuta ya zamani. Hayo nilivumilia.

Lililonitisha ni la juzi. Tulipika jodari, akaiva vizuri kabisa hadi ndani. Mke wangu hakumaliza hata sahani, akaniambia ulimi unamchoma kama amelamba pilipili, na hatukutia pilipili. Haikupita nusu saa uso ukawa mwekundu hadi shingoni, kichwa kikauma, moyo ukaenda mbio. Mimi nilikula kidogo, nikasikia midomo inawasha tu. Baada ya saa tatu nne hali ikatulia. Jodari mwenyewe hakuwa na harufu wala ladha mbaya, na mke wangu amekula jodari tangu utotoni.

Sasa naomba kujua: friza yangu imekufa? Samaki anaweza kuharibika akiwa barafu tupu? Na vipande vitano vilivyobaki, nikivichemsha kwa muda mrefu vitafaa?

Ukoko

Pole mkuu. Kwa ninavyojua samaki aliyeganda haozi hata akae mwaka, ndiyo kazi ya friza. Na bakteria wote wanakufa kwenye moto. Hapo mkeo amepata mzio, unaweza kukuanza hata ukubwani. Mpeleke akapimwe, ila jodari usimtupe, pika tu vizuri.

MamaMinofu

KasiaMbili mwanangu, poleni sana. Kabla sijaeleza chochote: hivyo vipande vitano usivichemshe, usivikaange, usimpe hata paka. Vifunge uvitupe leo, kisha urudi usome.

Nimekagua samaki waliogandishwa kwa miaka 19, sehemu kubwa nikiwa ndani ya chumba cha baridi, koti zito mwilini na glovu mbili mbili mikononi. Uliyoyaeleza ni matatizo matatu, kila moja na chanzo chake, na lililo hatari ni hilo la jodari. Friza yako sitaki kuilaumu bado. Nataka kwanza uniambie jambo moja: tangu samaki watoke kwenye barafu ya muuzaji hadi waingie friza, zilipita saa ngapi?

Nauliza kwa sababu hii. Nyama ya jodari, ya vibua na ya sardini ina histidini nyingi, ambayo ni mojawapo ya vijenzi vya protini. Samaki akishakufa na akabaki kwenye joto, kuna bakteria, wengi wao wakitokea kwenye matamvua na utumbo, wanaoigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Histamini ndiyo kemikali ileile ambayo mwili wako huitoa wenyewe ukipata mzio. Ndiyo maana mkeo ameonyesha dalili zilezile: kuwasha mdomo, uso kuiva, kichwa, moyo mbio. Mwili wake unaweza kuwa haukumkataa jodari hata kidogo. Huenda amelishwa histamini moja kwa moja kutoka kwenye sahani.

Ukoko, mwanangu, nakushukuru kwa kumjali mwenzio, ila hapo kwenye moto sikubaliani nawe, na sitaki mtu mwingine aumie kwa kuamini hivyo. Bakteria wanakufa kwenye sufuria, kweli. Histamini waliyokwisha kuitengeneza haifi, maana si kiumbe. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na kugandisha hakuiondoi. Inaingia friza na samaki, inakaa naye, inatoka naye. Kuna la zaidi: hata bakteria wakipungua kwa baridi, kimeng'enya chao, yaani ile protini yao inayofanya kazi ya kugeuza, kinabaki kwenye nyama, na barafu ikiyeyuka kinaweza kuanza kazi tena.

Na haina harufu, KasiaMbili. Usijilaumu kwamba hukuisikia. Sisi kazini tulikuwa na drili yenye ncha nyembamba. Unamtoboa samaki aliyeganda kama jiwe, nyuma ya kichwa karibu na uti wa mgongo. Msuguano unaipasha nyama moto kidogo, unatoka mvuke mwembamba, nawe unainamisha pua palepale kabla haujapotea. Hapo unajua kama samaki alianza kuvunda kabla ya kugandishwa, hata kama nje anameta. Nimewahi kusimamia shehena ya vibua wazuri ajabu kwa macho, mgongo wa buluu kabisa, na shimo la kwanza tu likanipa harufu ya siki na kabichi iliyolala. Lakini hata pua hiyo haiikamati histamini. Kwa histamini tulikata sampuli na kupeleka maabara, na tulikata nyingi, kwa kuwa samaki mmoja anaweza kuwa nayo tele na jirani yake katika sanduku lilelile asiwe nayo. Hata vipande viwili vya samaki mmoja hutofautiana. Ndiyo sababu wewe uliwashwa midomo tu na mwenzio akaumwa, na ndiyo sababu huwezi kuonja kipande kimoja ukasema vinne vilivyobaki ni salama.

Hata hivyo mkeo aende kwa daktari na amweleze yote, kuanzia alichokula hadi muda uliopita. Mzio wa kweli upo, na mimi siwezi kuuondoa kwa kuandika hapa. Siku akibanwa pumzi au akivimba koo, hiyo ni ya kukimbia hospitali bila kungoja.

Nakuja kwenye minofu. Maji ya mwili wa samaki hayagandi yote kwa mara moja. Yanaanza kwenye nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri, na ukifika nyuzi 5 chini ya sifuri, kama robo tatu au zaidi imeshakuwa barafu. Ukiivuka ngazi hiyo haraka, zinatengenezwa fuwele ndogo ndogo zinazokaa kwa amani ndani ya nyama. Ukijikokota hapo siku nzima, na ndivyo ilivyo ukirundika kilo nyingi za samaki wenye joto kwa pamoja, fuwele zinakua kubwa, zinapasua kuta za seli, na protini inapoteza uwezo wa kushika maji. Lile dimbwi kwenye sahani ndiyo maji ambayo nyama imeshindwa kuyarudisha. Kama minofu yako ni ya chewa wa bahari za baridi au jamaa zake, kuna jingine: ndani ya friza isiyo na baridi ya kutosha, kimeng'enya chao huendelea kuzalisha kemikali ya fomaldehaidi kidogo inayoikaza protini, na samaki anakuwa na nyuzinyuzi ngumu. Minofu ya namna hiyo haina utamu, ila haikudhuru.

Hili la kasi si jipya. Mmarekani Clarence Birdseye alikaa Labrador, pwani ya baridi ya Kanada, katika miaka ya 1910, akaona samaki wa Wainuit, wenyeji wa huko, wakiganda dakika tu baada ya kutolewa majini, kwa baridi ile kali na upepo, na wakipikwa miezi baadaye wanakuwa kama wa siku hiyo. Katika miaka ya 1920 akatengeneza mashine za kubana chakula katikati ya mabamba baridi ili kigande upesi. Mabamba ya namna hiyo yangali viwandani hadi leo, nimefanya kazi kando yake.

Vibua wako wa njano ni habari ya mafuta. Vibua ni samaki mwenye mafuta laini, na mafuta hayo yanaungana na oksijeni hata kwenye baridi kali. Baridi inapunguza tu mwendo. Mfuko wa kawaida umejaa hewa, na nyingine inapenya. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, samaki wa mafuta nyumbani mpe miezi 2 hadi 3, samaki mweupe miezi 6 hadi 8. Wako wameharibika mapema mno, na hapo ndipo nami naanza kuitilia shaka friza. Nunua kipimajoto, kiweke katikati ya vifurushi, ngoja hadi kesho. Vibua nao watupe: walisafiri na jodari, na wana histidini kama yeye.

KasiaMbili

Mama, shikamoo na asante sana. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na mke wangu.

Jodari na vibua nimeshawatupa. Saa ulizouliza: nimehesabu vizuri, ni karibu saa sita, na gari lilikuwa juani. Barafu sikuweka hata punje. Inaniuma, maana nilidhani ilimradi nimewagandisha siku ileile basi.

Kipimajoto nimekiweka tangu jana. Asubuhi kimesoma nyuzi 11 chini ya sifuri, mchana kikapanda hadi 8. Na ndani ya mifuko ya minofu kuna theluji ambayo mwanzoni haikuwepo. Daktari tumemwona, amesema maelezo yanaelekea kwenye histamini, ila amempangia kipimo cha mzio apate uhakika.

Nina mawili ya ziada. Nikiyeyusha samaki halafu nisimpike, naruhusiwa kumrudisha? Na ni kweli friza inaua minyoo ya samaki?

FundiBaridi

Naingilia hapo kwenye kipimajoto, ni kazi yangu ya kila siku.

Nyuzi 11 haitoshi, na kupanda na kushuka ni kubaya zaidi. Baridi ikilegea, barafu kidogo inayeyuka au inageuka mvuke ndani ya mfuko. Ikirudi, unyevu ule unaganda upya, ila haurudi mahali pake. Unajishika kwenye fuwele kubwa na kwenye plastiki. Hiyo theluji uliyoiona, mkuu, ni maji ya samaki wako yaliyotoka kwenye nyama. Panapobaki pakavu panakuwa na madoa meupe kama karatasi. Madoa hayo hayana sumu, unayakata tu, lakini yanakuonyesha kwamba baridi imekuwa ikiyumba.

Angalia mpira wa mlango kwanza. Weka kipande cha karatasi, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umechoka, na zungusha karatasi pande zote nne maana mara nyingi unalegea kona moja tu. Kisha angalia nyuma: vumbi kwenye mabomba ya kutolea joto, au friza imesukumwa ikagusa ukuta. Barafu ya ukutani ikizidi nene, iondoe. Friza yenye kujiyeyusha barafu yenyewe hupasha hewa yake mara kwa mara, kwa hiyo samaki wa kukaa muda mrefu weka chini na katikati, mbali na mlango.

Na mzigo. Ukiingiza vitu vya kugandisha kwa mara moja, usizidi kilo 3 hadi 5 kwa kila lita 100 za friza. Wewe uliingiza rundo zima la samaki waliotoka juani, mashine ya nyumbani haina ubavu huo. Wapange bapa, kimoja kimoja, pakupitisha hewa, wakishakuwa mawe ndipo uwabebanishe.

MamaMinofu

Marahaba mwanangu. Saa sita juani, bila barafu. Basi friza yako ina makosa yake, lakini la jodari lilikuwa limeshatimia kabla hujaugusa mlango wake. Samaki wa aina ile anatakiwa awe kwenye barafu muda wote, na barafu iwe tumboni mwake kama ametumbuliwa, si juu tu kama pambo. Safari nyingine beba sanduku la barafu, na samaki awe ununuzi wako wa mwisho kabla ya kurudi nyumbani.

Kumrudisha friza: ukimyeyusha ndani ya jokofu la kawaida, nyuzi 4 au chini, unaweza kumrudisha. Atapoteza maji tena na utamu utapungua, ila ni salama. Ukimyeyusha kwenye meza ya jikoni, hapana. Nje yake anakuwa na joto la chumba huku kiini bado ni barafu, na bakteria waliolala wanaamka hapo nje. Wengi wao hawakufa, hili watu hawalijui. Listeria hasa huvumilia kuganda, na ukimyeyusha huendelea kukua hata kwenye baridi ya jokofu. Kwa hiyo muweke jokofuni usiku mmoja, kwenye chombo chenye kina ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mzamishe kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, na umpike mara moja.

Kuna paketi moja naomba uiangalie kwa jicho la pekee: ile iliyofyonzwa hewa yote. Friza inaipenda, mafuta hayachachi upesi. Lakini ukitaka kuiyeyusha jokofuni, ifungue kwanza, au uichane. Ipo aina ya bakteria wa botulizimu, wale wenye sumu kali ya kupoozesha mwili, inayopatikana kwenye samaki, inayostawi pasipo oksijeni, na inaweza kukua kuanzia nyuzi 3.3 juu ya sifuri. Jokofu nyingi za nyumbani hazishuki chini ya hapo. Kuchana plastiki ni kazi ya sekunde mbili.

Minyoo: friza inaiua, ila si friza yenye nyuzi 11. Kwa anisakisi, minyoo wa samaki wa baharini, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 angalau, zikihesabiwa tangu kiini cha samaki kifike baridi hiyo, au nyuzi 35 kwa saa 15. Marekani wanasema nyuzi 20 kwa siku 7. Mimi kwa friza ya nyumbani nashika siku 7, na kama kipimajoto hakifiki 20, simli samaki huyo mbichi hata kidogo. Wewe unapika, basi katikati ya kipande ikifika nyuzi 63, minyoo imekufa. Rangi isikudanganye. Jodari wa kuliwa mbichi huhifadhiwa hata kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri ili abaki mwekundu, lakini wapo pia wanaopulizwa gesi ya kaboni monoksaidi, nao wanabaki wekundu hata wakichakaa.

Umeme ukikatika usifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa hukaa na baridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi kutoka safari ukakuta sarafu imezama, samaki wako waliyeyuka ulipokuwa hupo, na ukikuta wamegandia tena usiwaamini.

Mwisho, kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi ile, nawe utakifanya nyumbani. Mkaushe samaki kwa kitambaa safi, mgandishe akiwa wazi hadi agonge kama ubao. Andaa beseni la maji yaliyokaribia kuwa barafu. Mchovye, mtoe. Mbele ya macho yako maji yanakuwa kioo, yanafuata kila gamba na kila mwiba wa pezi, yanatoa sauti ndogo ya kupasuka kama kuni mbichi. Mrudishe friza dakika chache, mchovye tena, mara tatu au nne. Gamba hilo la barafu ndilo litakalokauka na kukutana na hewa badala ya nyama. Kisha mfunge kwa kubana, toa hewa, andika tarehe. Likipungua baada ya miezi, unamchovya tena.

Ukoko

Mama, nimekuelewa, na nafuta ushauri wangu wa juu ili asije mtu akaufuata. Nilikuwa na vibua wawili waliopitia hali hiyohiyo ya garini. Nimewatoa.

KasiaMbili

Mpira wa mlango ulikuwa umelegea kona ya chini kushoto, karatasi ilitoka yenyewe. Nimebadilisha, na baada ya siku mbili kipimajoto kinasoma 19 chini ya sifuri, asubuhi na jioni. Leo nimeleta kilo mbili tu za vibua, ndani ya sanduku la barafu. Mke wangu amewachovya yeye mwenyewe, na ile sauti ameisikia.